Ndoo ya Sita ya Shangazi

Saa tano usiku binti yangu alinitumia ujumbe wa maneno matatu: "Bado anajibingirisha chini."

Nilikuwa nimekaa kitandani na viatu miguuni, taa nimeizima ili jirani asije kuniuliza kulikoni. Anayejibingirisha ni farasi jike mzee anayeitwa Shangazi. Alikuwa anaumwa tumbo tangu jua lilipozama. Farasi hana uwezo wa kutapika. Kilichoingia kimeingia, na tumbo likimsokota vibaya anaweza kufa kabla hakujakucha. Hilo kila mtu wa zizini analijua. Wasilolijua ni kwamba aliyemtia Shangazi ugonjwa ule ni mimi, kwa mikono yangu hii, na kwamba lawama wameshambebesha binti yangu.

Mwenye zizi alikuwa amemwambia mbele ya watu, "Huyu akifa, ndoo zako zote zinatoka getini leo leo, na wewe unazifuata."

Nikazima kioo cha simu, nikakiwasha tena. Neno jingine hakuna.

Ili hizo ndoo zieleweke, sina budi nianze na binti mwenyewe.

Ni mtoto wangu wa pili. Alichelewa sana kusema. Watoto wa wenzangu walikuwa wanaomba maji na kutukanana, yeye ananusa tu. Ukimpa mkate ananusa kwanza. Ukimvisha gauni jipya ananusa mkono wa gauni. Mama mkwe alisema safari hii nimezaa paka. Nilimpeleka hospitali mara tatu, na mara ya tatu daktari akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mama, mtoto hana kitu. Mgonjwa ni wewe."

Sikubishana naye. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Mlango nikishaufunga, narudi kuusukuma. Sufuria ikiwa kimya jikoni naamka kuichungulia. Shule niliishia darasa la sita, na kazi zangu tangu usichana ni kushona na kufua. Pale zizini nafua mablanketi ya farasi na vitambaa vinavyotandikwa chini ya matandiko, vilivyochanika nashona. Chumba changu cha kazi ni cha mwisho kwenye safu ya mabanda. Kina mabeseni mawili ya saruji, kamba za kuanikia, cherehani ya miguu, na dirisha linalotazama moja kwa moja banda la Shangazi. Hakuna kinachopita pale nisikione.

Zizi lile lina farasi kumi na mmoja, na kazi yao ni kufundishia watu kupanda, wengi watoto. Binti yangu alianza kuja nami siku za likizo, kwa kuwa kumwacha nyumbani peke yake nilikuwa siwezi. Nilimpa kazi ya kukamua mablanketi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu aliponiambia, "Mama, umemwona Shangazi anavyokula mti?"

"Farasi hali mti. Anika hilo blanketi."

"Anakula, mama. Kule mtaroni. Anamenya ganda kwa meno. Ila siku mguu ukiwa mzima anaupita ule mti kama nguzo ya umeme."

Shangazi enzi hizo alikuwa bado anaruka viunzi, na mguu wake wa mbele wa kushoto ulikuwa na tabia ya kuvimba. Sikumwamini mtoto. Lakini macho ninayo, na dirisha ninalo, nikaanza kuangalia. Miezi miwili niliangalia. Mguu ukivimba, Shangazi huyo mtaroni, anamenya ganda la mti uleule, anatafuna kwa uso wa mtu anayekunywa dawa. Mguu ukipoa, mti haujui. Hakuna aliyemfundisha. Binti alikuwa ameshaanza kuandika kwenye daftari lake la hesabu, kurasa za nyuma: tarehe, mguu, mti.

Alimaliza shule kwa alama ambazo mwalimu mkuu alizisoma polepole kama tangazo la msiba. Zizini wakamwajiri kuwa mtunza farasi: kuzoa mavi, kupiga brashi, kubadilisha maji. Nilimshonea aproni ya turubai yenye mfuko mmoja mpana. Nilidhani ataweka brashi. Akaweka daftari.

Ndoo zilikuja baadaye, alipokuwa na miaka ishirini na moja. Farasi mmoja alikuwa anatafuna mlango wa banda mpaka ukawa na mapengo, na mwenye zizi akataka kuupaka pilipili. Binti akamwambia, "Bosi, farasi aliye huru anatembea siku nzima anachagua. Jani hili leo, lile kesho, udongo huu akiwa na gesi. Hawa wetu tumewafungia na chakula cha aina moja, halafu tunawashangaa wakila milango."

"Sasa unataka niwafungulie wakatembee mjini?"

"Hapana. Nataka niwaletee wanachokikosa."

Bosi alikubali kwa masharti mawili. Farasi akiugua daktari wa wanyama aitwe palepale, na kila kitu kiandikwe.

Basi asubuhi, mara mbili kwa wiki, binti yangu hupanga ndoo sita kwenye uwanja mdogo nyuma ya mabanda, hatua tatu kati ya ndoo na ndoo. Mnanaa. Pakanga. Kitunguu saumu kilichopondwa. Maganda ya ule mti wa mtaroni. Udongo wa mfinyanzi. Na ya sita, mbali kidogo na wenzake, mshubiri, majani machache tu, maana alisema mshubiri hauna mchezo, farasi akiugusa anataka kumwona kwa macho yake. Farasi huingizwa bila kamba wala hatamu. Yeye mwenyewe husimama ukutani, mikono nyuma. Hamwiti, hamwelekezi, wala hamtii kitu mdomoni. Na hakuna kutia sukari. Hiyo ndiyo sheria aliyoirudia mpaka nikaota nayo usiku: "Mama, utamu ni uongo. Ukimtilia utamu, pua yake haijui tena inanusa nini."

Walimcheka, sisemi uongo. Fundi kwato, mtu wa kitambi anayekuja kuwapigilia viatu vya chuma, alimpa jina la Bi Ndoo.

"Bi Ndoo! Leo hotelini kuna nini? Na sisi wafanyakazi tunaruhusiwa kunusa?"

"Wewe ukinusa, farasi watasusa."

"Mama, unamsikia mwanao? Mtoto gani huyu, anaheshimu punda kuliko binadamu!"

"Punda hajawahi kuchelewa kazini," binti akamjibu, na fundi akacheka mpaka nyundo ikamtoka.

Daktari wa wanyama, mwanamke mfupi mwenye buti kubwa kuliko miguu yake, hakucheka wala hakusifu. Alisoma daftari akiwa amesimama, kurasa kama kumi, akalirudisha. "Mimi siamini mambo yako yote," alisema. "Lakini daftari lako naliamini." Nilimpenda mwanamke yule kuanzia siku ile.

Kilichombadilisha hata bosi ni farasi mweusi. Siku moja aliingizwa uwanjani, akapita ndoo zote sita, na hata mnanaa aliokuwa akiufuata kama mtoto anavyofuata pipi hakuunusa. Mtu mwingine angesema basi, hana shida. Binti yangu alifunga daftari akampigia daktari simu. Likakutwa jipu kubwa kwenye fizi. "Kukataa nako ni kusema," alimwambia bosi. Nami nilikuwepo, nimeshika beseni. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu.

Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Ilikuwa hivi. Siku ile, tangu alfajiri, nilimwona Shangazi kupitia dirishani, hajaangusha mavi. Binti naye aliliona, kwani saa mbili alimwingiza uwanjani. Shangazi alikula mnanaa kidogo, akalamba udongo muda mrefu, akafika ndoo ya sita. Akanusa. Akakunja mdomo wa juu mpaka meno yakaonekana yote, akageuka, akaenda zake. Binti akaandika. Akamrudisha bandani, na ndoo akaiacha pale pale uwanjani, kwa kuwa aliitwa haraka kuwapeleka farasi wadogo kwenye somo la watoto, upande wa pili wa uwanja mkubwa. Akanipitia: "Mama, nimemwongezea maji, na mchana nitampigia daktari kama bado. Uniangalizie tu."

Uniangalizie tu. Mtu wa wasiwasi huwezi kumwambia aangalie tu.

Saa nne nikatoka kumwona. Amesimama, kichwa chini, anatazama ubavu wake. Ana miaka ishirini na miwili, mifupa ya nyonga imemtoka kama ya kwangu. Nikasema, huyu ni tumbo limefunga, na dawa ya tumbo lililofunga si ile kule kwenye ndoo? Watoto wangu wote nimewapa. Kama anakataa uchungu, si ndivyo watoto wanavyokataa? Mama anatia sukari, mtoto anameza, jioni anacheza.

Nikayakata majani manne ya mshubiri vipande vidogo, nikachanganya na pumba, nikatia molasi. Shangazi alikula mpaka akailamba ndoo, akaniachia povu kwenye kiganja. Nilifurahi, nani atanielewa nilivyofurahi. Kisha nikaiosha ndoo ile ikatakata, nikayaweka tena majani yaliyobaki, nikairudisha kwenye mstari, hatua tatu kutoka kwa mwenzake.

Mchana Shangazi alionekana amechangamka, kwa hiyo binti hakumpigia daktari. Jioni nilikuwa nimeshafika nyumbani simu ilipolia. Shangazi amelala, anapiga teke tumbo lake, jasho linamtiririka.

Mbona sikusema palepale? Nimejiuliza sana. Nilijiambia mshubiri ni dawa, hauwezi kuua. Nilijiambia labda ni kitu kingine. Ukweli ni kwamba niliona haya mbele ya mwanangu, na haya ile ilikuwa na nguvu kuliko mimi. Binti akaniambia kwenye simu, "Usije, mama, ukija utalia na Shangazi atakusikia. Nitakuwa nakuandikia." Nikashukuru kuambiwa nisiende.

Saa saba kasoro simu ikatoa mwanga. Ujumbe ulikuwa mrefu safari hii. "Daktari alimchoma sindano ya maumivu. Anasema ni tumbo kufunga. Anaandaa dawa kali ya kumfungua. Ameangalia daftari, ameona Shangazi hakula chochote kibaya. Usilale na viatu."

Nikasoma mara mbili. Ameangalia daftari. Daktari yule aliamini daftari, na daftari lilisema Shangazi aliukataa mshubiri. Kwa hiyo alikuwa anakwenda kuongeza dawa ya kusukuma juu ya dawa ya kusukuma, ndani ya tumbo la bibi kizee. Nikampigia binti. Haikupokelewa. Nikapiga tena, nikiwa nimeshatoka nje, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikurudi kuusukuma mlango.

Kutoka kwetu mpaka zizini ni mwendo wa dakika ishirini. Sijui nilitumia ngapi.

Banda la Shangazi lina mlango wa vipande viwili, cha juu na cha chini, na vyote vilikuwa wazi, taa imening'inizwa kwenye boriti. Binti yangu amepiga magoti, kichwa cha Shangazi mapajani. Fundi kwato alikuwepo, ameitwa kusaidia kumwinua. Bosi amekunja mikono. Daktari anachomeka mpira kwenye chupa.

"Mama, nilikwambia usije."

"Daktari, usimpe hiyo dawa."

Bosi akageuka. "Haya, sasa na mama naye daktari! Ukoo mzima!"

"Amekula mshubiri," nikasema.

"Hajala," binti akasema bila kuinua macho. "Nimeandika. Alinusa akaondoka."

"Alikula baadaye. Nilimpa mimi. Nilimtilia pumba na molasi."

Daktari aliuchomoa mpira kwenye chupa. "Kiasi gani, mama?"

"Majani manne. Marefu hivi." Nikaonyesha, kutoka ncha ya kidole mpaka kiwikoni.

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Tumbo limeshasukumwa," daktari alisema, kama anaongea na chupa, "na mimi nilikuwa nakuja kulisukuma tena." Akaiweka kando, akaomba maji ya uvuguvugu, ndoo nyingi, na chumvi.

Binti yangu ndipo akaniangalia. "Uliosha ndoo?"

"Niliosha."

"Ukairudisha kwenye mstari."

"Ndiyo, mwanangu."

"Sawa," akasema.

Nimemzaa, nazijua "sawa" zake zote. Ile sikuwahi kuisikia.

Bosi alikuwa ananitazama mimi, anamtazama yeye. "Kwa hiyo si ndoo," alisema. "Ni mama." Nilingoja fundi kwato atie utani. Hakutia. Alinishika kiwiko akasema, "Kaa, mama," lakini pa kukaa hapakuwa, na binti akasema, "Atoke nje. Wote wasio na kazi watoke." Nikatoka peke yangu. Kipande cha chini kikafungwa, komeo likaingia. Kisha cha juu, ambacho mchana na usiku huwa wazi ili Shangazi atoe kichwa. Nacho kikafungwa.

Nilitafuta cha kukalia, nikaona ndoo, nikaigeuza. Kumbe ni ile ile ya sita. Nikaikalia.

Nilimkumbuka akiwa na mwaka na nusu, nilipotaka kumwachisha ziwa. Wanangu wengine walilia wiki nzima. Yeye nilipaka mshubiri mara moja tu. Alikuja, akanusa, hakugusa hata kwa ulimi. Akanitazama usoni kwa mshangao, akateremka magotini kwangu, na hakurudi tena. Nilijisifu kwa majirani: mtoto wangu ana akili, pua yake inamtosha. Mtoto wa mwaka na nusu nilimwamini akikataa. Mnyama wa miaka ishirini na miwili, aliyejua mti wa mguu wake kabla sisi hatujajua, nikaona hajui anachokataa, anahitaji kudanganywa. Nilikuwa nimeogopa, basi. Nikiogopa, mikono yangu haiwezi kutulia, na katika maisha yangu mikono hiyo imewalisha wengi wasiokuwa na njaa.

Ndani nilisikia maji yakimiminwa, sauti ya daktari, miguno ya fundi. Kisha binti, kwa nyuma ya mlango uliofungwa, karibu sana:

"Mama."

"Abee."

"Molasi vijiko vingapi?"

"Vitatu. Vile vikubwa."

"Pumba?"

"Kopo moja, lililojaa."

Nikasikia kalamu. Alikuwa anaandika.

Kulipoanza kupambazuka nilisikia purukushani, kwato zikiteleza kwenye sakafu, fundi akipiga kelele, "Mwinueni, mwinueni, huyoo!" Nikasimama. Nikasikia mkojo. Baada ya hapo nikasikia sauti ambayo nimeisikia maelfu ya mara kwenye chumba changu cha kufulia nikiziba pua, pwata, pwata, ya mavi yakianguka, na fundi kwato akashangilia kama timu yake imefunga goli. Nilikaa tena kwenye ndoo na kulia ndani ya mkono wa sweta, nisisikike.

Kipande cha juu cha mlango kikafunguliwa. Alikuwa bosi, macho mekundu, daftari mkononi. Alinisomea bila salamu: "'Ndoo ya sita. Shangazi alikataa mwenyewe. Alilishwa na mama yangu, kwa molasi. Kosa langu: niliiacha ndoo.'" Akalifunga. "Mwanao hajui kusema uongo hata kidogo, ee?"

"Hajui."

"Basi ndoo zitabaki. Ila ya sita iwe na kifuniko na kufuli, na ufunguo usije ukakaa mfukoni mwako."

"Hata kidogo, bosi."

Akarudi ndani. Kwenye uwazi wa mlango pakaja kichwa cha Shangazi, kimelowa, singa zimegandamana, pua zinapanuka. Alinusa hewa ya nje. Alininusa mimi. Sikujua amenusa nini, na nilitamani kumshika shavu kuliko kitu chochote duniani.

Binti yangu akatokea ubavuni kwake. Uso wake ulikuwa umekonda kwa usiku mmoja. Hakutabasamu. Alinitazama viatu, akanitazama mikono.

"Anataka kutoka," alisema. "Anataka kutoka mwenyewe, tusimvute. Simama ukutani, mama."

Nikasimama ukutani.

"Mikono nyuma."

Nikaiweka mikono nyuma, nikaishikanisha vidole kwa nguvu. Komeo likavutwa, na kipande cha chini cha mlango kikafunguka.